Tusikubali Kunyang'anywa Jembe



Wengi wetu tumekwisha kustaafu, na watoto wanatuambia, "Mzee, pumzika." Hiyo ni heshima, lakini ina hatari: misuli isiyotumika hulegea, na mzee aliyelegea huanguka upesi.

Hapa Mkuyuni wako wazee wanaopanda mlima hadi leo kwenda kupalilia migomba yao, na soga zao ni za vijana. Mwalimu Nyerere naye, alipong'atuka urais mwaka 1985, alirudi Butiama kulima. Mwaka 1996, akiwa na miaka 74, alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi.

Ndugu zangu, tukubali kupunguziwa shamba. Tusikubali kunyang'anywa jembe.