Programu ya Simu ya Lugha Mbili kwa Mwenye Kisukari
Programu ya simu ya kumsaidia mwenye kisukari, iliyo kwa Kiswahili na Kiingereza, huweza kukosewa kwenye saa. Kikumbusho cha insulini cha saa 2 asubuhi kwa Kiswahili ni saa 8 kwa Kiingereza. Mtumiaji akibadili lugha, muda wa dozi usihame. Vipimo navyo vina mtego wake: mashine moja ya kupima sukari husoma milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na 4 ya kwanza ni 72 ya pili. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, onyo litokee kwa lugha zote mbili. Orodha ya vyakula ndani ya programu ianze na ugali, wali na chapati. Wasio na simu janja watumiwe vikumbusho kwa ujumbe mfupi. Dozi yenyewe hupangwa na daktari.