Picha za Paka na Mbwa Pale Feri

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

Mmetualika tuwaeleze kazi yetu ya kupiga picha za wanyama waliotupwa, na tunajua wengine wenu mliposikia habari yenyewe mlicheka. Si kitu. Hata sisi tulicheka siku ya kwanza. Watu wanatafuta maji, karo na dawa, halafu hawa wa Mombasa wanapiga picha za paka! Lakini tusikilizeni kidogo, maana kuna mambo humu ambayo hata kikundi cha kuku au cha mbuzi wa maziwa kitayatumia.

Sisi tuko Feri, upande wa kisiwani, pale watu wanapoteremka kuingia pantoni kwenda Likoni. Baadhi yetu ni kina mama wa mahamri na viazi karai, wengine ni mafundi picha. Wazee kati yenu watazikumbuka studio za Feri za miaka ya tisini: vibanda, na nyuma pazia lililochorwa meli, ndege na minazi, mbele maua ya plastiki. Mtu wa bara akija Mombasa kutafuta kazi alisimama pale, akapigwa picha, akaituma nyumbani wamwone amefika pwani. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Heike Behrend, aliandika juu ya mafundi hao mwaka 2000 katika jarida la sanaa za Afrika. Biashara ile simu imeimaliza. Kila kijana ana kamera mfukoni, na fundi wetu amebaki na picha ndogo za vitambulisho, tena siku nyingine hapati hata mteja mmoja.

Basi ilikuwa hivi. Chini ya meza ya mama mmoja wa viazi, paka alizaa watoto wanne ndani ya boksi. Mama yule hakuwa mkatili, lakini wateja walilalamika, na mtu mmoja alikwisha jitolea kuwatia kwenye gunia awapeleke anakojua yeye. Sote twajua gunia hilo huishia wapi, bahari iko karibu. Fundi picha wetu, kwa kukosa kazi siku hiyo, akatandika kanga nyekundu juu ya kiti, akamweka mtoto mmoja, akampiga picha. Akaisafisha, akaitundika kwenye ubao wake katikati ya sura za watu. Kabla ya alasiri bibi mmoja wa Mji wa Kale akasimama. "Huyu auzwa?" Tukamwambia hauzwi, anatafuta kwao. Akamchukua. Kabla wiki haijaisha wote wanne walikuwa wamepata nyumba, na mama yao pia, ambaye hatukumtarajia.

Tukajiuliza, mbona paka hao hao wamekaa chini ya meza siku arobaini na hakuna aliyewataka? Watu wamepita maelfu. Nadhani jibu ni hili: pale Feri mtu anakimbilia pantoni, anaona manyoya tu yanapita miguuni. Kwenye picha anaona macho.

Fundi wetu ametufundisha namna yake, nasi twawapa bure. Hampigi mnyama kutoka juu kama mtu anayemtazama mdudu. Analala chini, kamera ikae sawa na macho ya mnyama. Hatumii taa ya kamera, kwa sababu inamtisha na kuyafanya macho yang'ae kama ya shetani. Anangoja jua la asubuhi au la jioni. Mbwa anampeleka bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa kuwa karibu na gati kuna kelele na mnyama hatulii. Mnyama mweusi anawekwa mbele ya kitambaa cheupe au cha manjano, la sivyo hutoka kama doa la makaa. Na daima kuna picha ya pili ambayo mtoto au mama amemshika, ili watu wajue ukubwa wake na kwamba hang'ati. Picha hatupigi mpaka ameoshwa, ameshiba na amelala. Yule aliyetoka mtaroni jana, kwenye picha anaonekana ametoka mtaroni jana.

Sasa tuwaambie tulipokosea, maana hapo ndipo penye faida.

Kosa la kwanza lilikuwa la uongo. Tulikuwa na paka shume mmoja aliyepofuka jicho la kushoto. Tukampiga picha kwa upande wa kulia. Kijana mmoja akaipenda picha kwenye simu, akavuka kutoka Mtongwe kumchukua. Alipomwona akanyamaza, akamchukua kwa haya, na siku ya tatu akamrudisha. Paka yule alikuwa amekwisha zoea nyumba. Akakaa siku mbili chini ya kibanda bila kula. Tulipompiga tena, jicho baya likaonekana wazi, na chini tukaandika: "Haoni upande mmoja, lakini panya anawakamata." Akachukuliwa na mwenye duka la nafaka, na yupo hadi leo.

Kosa la pili lilitutoa jasho. Tulimtoa mbwa mdogo kwa familia moja ya ng'ambo ya Likoni, picha nzuri ajabu, ulimi nje, kila mtu alimtaka. Hatukumchanja. Tulisema atachanjwa huko huko. Wiki ya pili akamng'ata mtoto wa nyumba mkononi. Ndugu zetu, usiku ule hatukulala. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao kwa kung'atwa na mbwa. Bahati njema mama yake mtoto alikuwa na akili kuliko sisi. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika kumi na tano, ndipo akaenda hospitali, na mtoto akaanzishiwa sindano siku ile ile. Mbwa akafungwa na kuangaliwa siku kumi. Hakuugua. Mtoto ni mzima. Lakini zile siku kumi kila mmoja wetu alikuwa anapiga simu asubuhi kuuliza, "Mbwa amekula?"

Tangu hapo hatumtoi mbwa wala paka bila chanjo. Mbwa akifika miezi mitatu huchanjwa, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Serikali ya Kenya ilianza mpango mwaka 2014 wa kukitokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na wataalamu husema lazima mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa usienee. Kwa hiyo kijijini kwenu msingoje mtu ang'atwe. Mwulizeni daktari wa mifugo siku za chanjo, mwende na mbwa wenu kwa kamba.

Jambo jingine ni kuzaa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu, na mimba yenyewe ni miezi miwili hivi. Picha haziwezi kushindana na hesabu hiyo. Kwa hiyo pesa za kikundi tunazoweka kila Jumamosi, sehemu yake huenda kwa daktari kufunga kizazi majike na kuhasi madume. Pesa hazitoshi. Twawaambia ukweli, kuna miezi tumekopa kwenye mfuko wa kusaidiana, na mama wa viazi wakanung'unika, na walikuwa na haki. Sasa anayechukua mnyama analipa chanjo yake mwenyewe. Picha ni bure.

Tena tumejifunza kutomsukumia mtu mnyama ambaye nyumba yake haimfai. Mji wa Kale watu wanapenda paka, na wazee huko hutusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Lakini mbwa ndani ya nyumba ni jambo la tohara kwao, nasi hatubishani. Mbwa wetu huenda Likoni, Shika Adabu, hata mashamba ya Kwale, kwa watu wanaotaka mlinzi. Tunauliza kwanza: atalala wapi? atakula nini? Asiyejibu, tunamwachia mahamri tu.

Msidhani tumebuni sisi. Marekani, Seth Casteel, aliyejulikana mwaka 2012 kwa kitabu cha picha za mbwa chini ya maji, alikuwa akiwapiga picha bila malipo wanyama waliongoja kupata watu. Hapa kwetu Jack Couffer alitoa mwaka 1998 kitabu kizima juu ya paka wa Lamu. Na Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Hupokea wanyama na kuwatafutia nyumba. Sheria pia ipo, Sura ya 360, ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Anayempiga punda mwenye kidonda anavunja sheria, hata kama punda ni wake.

Mmoja wenu ameuliza wakati wa chai kama wote hupata kwao. Hapana. Wengine hufa kabla, hasa watoto wa paka wakati wa mvua. Wengine hukaa. Yuko mbwa wa kahawia, mguu wa nyuma uligongwa na pikipiki, anachechemea. Amechanjwa, amehasiwa, ni mpole, usiku hubweka akisikia mgeni. Picha yake imekaa ubaoni wiki ya saba sasa, na fundi ameipiga mara tatu. Tumekuja nayo. Iko pale mezani, karibu na birika.