Anayeuzima Moto Ndiye Shahidi wa Kwanza



Nyumba ikiungua mjini Bukavu, majivu hayajapoa, sababu imekwisha tajwa: hitilafu ya umeme. Huenda ni kweli. Lakini nani amechunguza? Watu wamebomoa kuta za mbao ili moto usivuke kwa jirani, mwenye nyumba ameanza kuokota mabati yake, na kufikia jioni hakuna tena cha kusomwa pale. Moto wa pili unatukuta hatujui lolote kuhusu ule wa kwanza. Ninachodai leo ni kwamba kijana anayeingia kazi ya zimamoto afundishwe kuchunguza tangu wiki ya kwanza, asingoje mpaka apate cheo.

Wapo wanaosema kuzima ni kazi ya mikono na kuchunguza ni kazi ya maabara. Sikubaliani nao, kwa kuwa elimu ni ile ile. Tazameni Sange, kwenye barabara yetu ya kwenda Uvira. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu wakakimbilia kukinga mafuta. Wengine walikuwa ukumbini wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Mafuta yakawaka, wakafa watu zaidi ya 230. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa ardhini, hufuata mtaro na bonde, na unaweza kufikia mbabula, yaani jiko la makaa, inayowaka mbali kabisa na lori lenyewe. Anayelijua hilo atawasukuma watu waende juu, upepo unakotoka, kabla hajagusa mpira wa maji. Na kesho yake, akitafuta cheche ilitoka wapi, hatang'ang'ania pale lori lilipolala.

Maji nayo yanataka elimu. Gari la lita 3,000 likimwaga lita 250 kwa dakika hukauka baada ya dakika 12, na sisi wa Nyalukemba, hapa Bukavu, tuna Ziwa Kivu miguuni petu. Basi tuvute ziwani! Lakini vitabu vingi vinahesabu kwa usawa wa bahari, ambako pampu haiwezi kuvuta maji kupita kimo cha mita 10 hivi, kwa sababu kinachoyasukuma yapande ni uzito wa hewa. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo hicho hushuka chini ya mita 9, na kazini hupungua tena. Pampu ikiwekwa juu mno kwenye ukingo wa ziwa hapa Muhumba itanguruma tu bila kutoa tone. Kijana ajifunze hilo hapa hapa ukingoni, siku isiyo na moto.

Na huo umeme tunaoulaumu? Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba kwenye 1,085. Sufuria ya alumini iliyoyeyuka haisemi mengi, maana moto wa kawaida wa nyumba hufikia joto hilo. Waya wa shaba wenye kitone cha mviringo nchani, huku sehemu iliyobaki ikiwa nzima, unatuambia kwamba umeme ulikuwa unapita nyaya zilipogusana. Hautuambii kwamba umeme ndio ulioanza. Moto wa mshumaa nao hula ganda la waya na kuacha kitone hicho hicho. Hapo tunamhitaji aliyeingia kwanza: miali ilikuwa chumba gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, waya ulikuwa umelala wapi. Asipoyaandika siku ile, hakuna maabara itakayoyarudisha.

Hata mabingwa hukosea. Mwaka 1991, huko Jacksonville, Florida, mtu alikuwa akishtakiwa kuwasha moto wa nyumba ulioua watu 6. Wachunguzi waliichoma nyumba ya jirani iliyofanana na ile ili kupima mashtaka yao. Bila tone la petroli, chumba kizima kilishika moto chini ya dakika 5, na sakafu ikabaki na alama walizokuwa wakiziita za petroli. Mashtaka yakafutwa. Kwetu, ambako jirani hushukiwa upesi, kisa hicho kifundishwe mapema.

Tanzania ina chuo cha zimamoto Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Hapa tunaweza kuanza kwa darasa dogo, lenye mpira wa maji, ngazi, daftari na kamera ya simu, na wanafunzi wa kwanza watoke kwenye mitaa hii hii inayoungua. Ninaviomba vyuo vyetu na wakuu wa jimbo waliandike hilo kwenye mipango yao. Nanyi wakazi wenzangu, nyumba ikiungua na watu wakisalimika, msifagie majivu kabla mtu hajaandika alichokiona.