Mgeni wa Dago na Mwenye Nyumba wa Agosti: Wakazi wa Msimu na Maendeleo ya Vijiji vya Pwani

Mada iliyowasilishwa katika semina ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki waishio London

1. Utangulizi



Shule za Uingereza hufungwa mwishoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Kwa familia nyingi za East Ham, Ilford na Barking, hizo ndizo wiki za kwenda nyumbani. Ndipo inapofunguliwa nyumba ya Jambiani au Makunduchi huko Unguja, au ya Shela au Vanga huko Kenya: inapigwa rangi, watoto wanaozeshwa, khitma inasomwa, zawadi zinagawiwa. Kisha mlango unafungwa, funguo anaachiwa jamaa, na nyumba inalala hadi mwaka mwingine.

Mada hii inawahusu watu hao, yaani inatuhusu sisi. Hoja yangu ni moja. Mkazi wa msimu hukijenga kijiji pale anapobeba wajibu uliowekwa na wenye kijiji, akautimiza awepo asiwepo. Zawadi na sadaka ni mambo mema na Mwenyezi Mungu azikubali, lakini kijiji hakiwezi kupanga mwaka wake kwa kutegemea moyo wa mtu aliye mbali. Na namna ya kubeba wajibu huo hatuna haja ya kuiazima kokote, kwa kuwa wavuvi wetu wanayo tangu zamani. Ni desturi ya dago.

2. Wakazi wa msimu ni nani

Pwani yetu imezoea watu wa kuja na kuondoka kwa pepo za kaskazi na kusi. Kwa leo nitataja makundi matatu.

La kwanza ni wavuvi wa dago, wanaohamia kwa muda kwenye kijiji cha wenzao kufuata samaki. La pili ni wageni wa kutoka nje wenye nyumba za mapumziko. Shela, katika kisiwa cha Lamu, ni mfano unaojulikana: hoteli ya Peponi ilifunguliwa huko mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata Wazungu wengi wakanunua na kujenga nyumba, baadhi yao wakikaa wiki chache tu kwa mwaka. La tatu ni sisi wa ughaibuni.

Sisi tunapenda kujihesabu wenyeji, na kwa damu ni kweli. Kwa sheria, mambo yanatofautiana. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, na asiye raia haruhusiwi kushika ardhi zaidi ya miaka 99 kwa ukodishaji. Tanzania haijaruhusu uraia pacha, kwa hiyo mzaliwa wa Makunduchi aliyechukua uraia wa Uingereza si raia tena anaposhuka kiwanja cha ndege. Nayataja haya kwa sababu uchungu wake ni mkubwa, na mara nyingi unatufanya tudai haki zetu kwa serikali huku tukisahau haki ambazo kijiji kinatudai sisi.

3. Kijiji kinavyoguswa na nyumba iliyofungwa

Tuitazame nyumba moja ya aina tunayoijua wote. Iko hatua chache kutoka pwani, imezungushiwa ukuta wa matofali, ina geti la chuma, tangi la maji juu ya dari na mlinzi mmoja. Kabla ya ukuta, hapo palikuwa na kipito. Wanawake wanaolima mwani walishukia hapo maji yakitoka wakati wa bamvua, wamebeba kamba na vigingi, na walipandia hapo hapo na magunia ya mwani mbichi unaochuruzika maji. Sasa wanazunguka ukuta mzima, mzigo ukiwa kichwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi tangu hapo ni wanawake. Kwa wengi wao, fedha ya kwanza kuishika kwa jina lao wenyewe ilitoka kwenye kamba hizo. Anayewazibia kipito anawapunguzia siku ya kazi, kwa sababu maji ya bamvua hayamsubiri mtu. Tena mara nyingi aliyejenga ukuta hana nia mbaya. Yuko London, fundi alimtumia picha kwa simu, na katika picha kipito hakikuonekana.

Jambo la pili ni maji. Tourism Concern, shirika lililokuwa na makao yake hapa London, lilichapisha mwaka 2012 ripoti iliyogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionyesha kwamba kaya ya kijijini ilitumia kwa wastani takriban lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano takriban lita 3,200. Nyumba zetu si hoteli, lakini pampu inayojaza tangi letu mwezi wa Agosti inavuta kutoka chini ya ardhi ile ile ya visima vya jirani.

La tatu ni bei. Kiwanja cha karibu na bahari kikishauzwa kwa pauni au yuro, kijana wa hapo anayetaka kuoa hawezi tena kujenga jirani na mama yake. Anasogezwa ndani, na hatimaye anasogezwa nje ya kijiji.

4. Tunayoyaona hapa Uingereza

Washiriki wenzangu, Waingereza wenyewe wanaumwa na maradhi haya, na dawa wanazojaribu zinatufaa kuzichunguza.

Abersoch ni kijiji cha pwani katika Gwynedd, Wales, kinachojulikana kwa nyumba za mapumziko. Shule yake ya msingi, iliyokuwa ikifundisha kwa Kiwelisi, ilifungwa Desemba 2021 kwa kukosa wanafunzi. Nyumba zipo, tena nzuri na za gharama, lakini watu wa kukaa humo mwaka mzima na kupeleka watoto shule wamekuwa wachache. Kwa watu wanaopigania lugha yao, shule hiyo haikuwa jengo tu.

Serikali ya Wales iliziruhusu halmashauri, kuanzia Aprili 2023, kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kaunsili, hii tunayoilipa wote. Gwynedd ilichagua asilimia 150. England nayo, kwa sheria ya 2023, iliruhusu nyongeza ya hadi asilimia 100, na Cornwall ikaanza kuitoza Aprili 2025.

Mji wa St Ives, huko huko Cornwall, ulipita njia nyingine. Mei 2016 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga wakakubali kwamba nyumba mpya zinazouzwa ziwe za watu watakaoishi humo kama makazi yao makuu. Wapinzani walikwenda mahakamani wakashindwa. Lakini kanuni hiyo inagusa nyumba mpya pekee, kwa hiyo wenye fedha waligeukia zile za zamani.

Nachukua mafunzo mawili. Kwanza, nchi yenye soko huria kama hii imekubali kwamba nyumba inayokaa tupu inakigharimu kijiji, na ni haki mwenye nyumba adaiwe gharama hiyo. Pili, hatua hizi zilikuja baada ya miaka mingi ya kuachia. Gwynedd inaweza kukusanya kodi zaidi leo, lakini shule ya Abersoch imeshafungwa. Vijiji vyetu bado vina watoto wengi madarasani, kwa hiyo sisi bado tuna muda.

5. Mgeni wa dago

Sasa turudi kwetu. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanasifika pwani nzima kwa kwenda dago. Huenda Unguja, Tanga, Mafia na hadi pwani ya Kenya, na huko hukaa wiki au miezi.

Nahodha anayekwenda dago kwa desturi hafikii baharini kwanza. Anafikia dikoni. Anajitambulisha kwa wakubwa wa hapo, anaeleza katoka wapi, ana watu wangapi na wanavua kwa nyavu gani. Anatoa ubani, mchango wa heshima unaoambatana na dua, na kijiji kinajua kwamba mgeni kafika kwa njia ya halali. Anaonyeshwa mahali pa kupiga kambi na kisima cha kutekea maji. Anaambiwa mwamba usioguswa na nyavu zisizotakiwa. Samaki wake anawauza pale pale, na kwa hiyo wachuuzi na wakaanga samaki wa kijiji wanapata riziki kwa kuja kwake.

Sisemi kwamba dago halina ugomvi. Magomvi yapo, hasa juu ya majuya yanayokokota kila kitu na mitego inayoharibu matumbawe. Lakini hata ugomvi una pa kuamuliwa, kwa sababu mgeni aliingia kwa mlango unaojulikana. Kenya ilipoweka mwaka 2007 kanuni za vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile tunavyoviita BMU, iliipa sura ya kisheria sehemu ya utaratibu huo: kuandikisha wavuvi na kutunga sheria ndogo za bandari.

Mlinganishe nahodha huyu na mimi au wewe. Yeye ni maskini kuliko sisi, anakuja na ngalawa, na bado anabisha hodi, anatoa ubani na anauliza kisima. Sisi tunaingia kwa gari la kukodi, tunajenga kwanza na kuuliza baadaye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nahodha wa dago analipokea jembe lake siku ya kwanza.

6. Somo la Ngazija

Kuna ndugu zetu walioupeleka wajibu wa kijiji hadi ughaibuni. Wangazija, watu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro, wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, hurudi kwao kwa wingi Julai na Agosti kwa ajili ya arusi kubwa ya ada. Wanaofanya ada hutoa sehemu inayojulikana kwa kijiji, na vyama vya kijiji huko Ufaransa hukusanya michango ya kila mara. Kwa fedha hizo zimejengwa shule, misikiti na barabara, na umeme umefikishwa vijijini.

Upande wa pili tuutaje pia: ada imewatia wengi katika madeni makubwa, na wapo vijana wanaofanya kazi miaka mingi kwa ajili ya sherehe ya siku chache. Sihimizi tuige arusi. Ninachokiona cha kuigwa ni kwamba mchango wa kijiji una jina, una kiwango na una watu wa kuuulizia.

7. Mapendekezo

Kwanza, tubishe hodi. Kabla ya kununua au kuzungushia ukuta, mwenye kiwanja aende mwenyewe kwa sheha kwa upande wa Zanzibar, au kwa mzee wa mtaa kwa upande wa Kenya, pamoja na kamati ya wavuvi na wanawake wa mwani. Vipito vyote vya pwani vichorwe na vibaki wazi, hata kama hati haivitaji.

Pili, iwepo ada ya mwaka. Kila nyumba ya msimu ilipe kiasi kilichowekwa na mkutano wa kijiji, mwenyewe aje asije. Fedha ziingie akaunti ya kijiji yenye watia saini zaidi ya mmoja, wanawake wakiwamo, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka. Najua wapo watakaosema fedha zitaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya kudai hesabu. Haiwi sababu ya kukataa kulipa.

Tatu, sehemu ya mfuko iwe akiba. Lamu iliona mwaka 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda, jinsi riziki ya msimu inavyokatika kwa siku moja. Mwaka 2020 ndege zilisimama na pwani nzima ikaonja hayo. Ada inayolipwa hata mwaka usio na safari ndiyo itakayokisaidia kijiji katika mwaka kama huo.

Nne, nyumba isilale. Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kazi kijijini huhangaika na pa kukaa, na wengi huomba uhamisho kwa sababu hiyo. Nyumba iliyofungwa miezi kumi inaweza kumhifadhi kwa kodi ndogo na mkataba wa maandishi, mwenyewe akijiwekea chumba chake cha Agosti. Katika mapendekezo yote, hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi. Tumejenga vituo vya afya na madarasa kwa michango, tukapiga picha, halafu vikakosa watu wa kuvihudumia.

Tano, tusichague miradi tukiwa hapa. Wanaokaa kijijini kipindi cha masika, hoteli zikiwa zimefungwa na njia zimejaa maji, ndio wanaojua kipi kianze. Kisiwa Panza, Pemba, wenyeji walikubaliana kufunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kisha wakaifungua na kuvuna wakubwa zaidi. Watu wenye uwezo wa kujizuia namna hiyo hawahitaji kufundishwa mipango na mtu wa wiki sita. Wanahitaji mchango wake ufike kwa wakati.

8. Hitimisho

Wengi wetu tayari tunatuma fedha za ada za shule, dawa na mazishi, na hakuna anayetaka kuzipunguza. Lakini fedha hizo zinafuata ukoo. Kisima, kipito, mwalimu na mwamba wa pweza havina ukoo, ni vya wote, na ndivyo vinavyoachwa nyuma.

Naiomba semina hii ifanye mambo mawili kabla hatujatawanyika leo. Kila kundi la kijiji lililoko hapa liandike orodha ya nyumba zinazokaa zimefungwa na majina ya walio tayari kupokea mpangaji mwalimu au muuguzi. Na kila kundi limteue mtu mmoja wa kuzungumza na sheha au mzee wa mtaa, ili mkutano wa kijiji uitishwe na wenyeji wenyewe waamue kiwango cha ada. Wakishaamua, tulipe kiasi hicho bila kukipunguza, na malipo ya kwanza yawe yamefika kabla ya safari za Julai.