Mfugaji wa Kuku wa Mwanzo na Majirani Zake



Nimetakiwa niseme juu ya mtu anayeanza kufuga kuku uani kwake, peke yake, pasipo mwalimu wala msaidizi, na kazi hii nimeipokea kwa furaha, kwa kuwa katika mifugo yote ya miji yetu ya pwani, tangu Tanga na Pangani mpaka Unguja, hapana ulio karibu zaidi na mtu wa kipato kidogo kuliko kuku. Mwenye kuanza aghalabu huelekeza fikira zake zote ndani ya ua wake: atajenga banda la namna gani, atanunua mbegu ipi, atawalisha nini. Maswali hayo ni ya haki, na nitayagusa. Walakini nadhani jambo linaloamua kama kuku wake wataishi au watateketea liko nje ya ua huo, nalo ni hali ya kuku wa jirani.

Sababu yake ni kideri, maradhi ambayo wengine huyaita mdondo, na ambayo yalitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake ndilo waliloyapa wataalamu. Virusi vyake hutoka katika kinyesi, kamasi na pumzi ya kuku mgonjwa, vikasafiri kwa nyayo za watu, kwa matenga ya wachuuzi na kwa manyoya yanayotupwa jalalani baada ya kuku kuchinjwa. Kuku aliyeshikwa huzubaa, manyoya yakamsimama, akahema kwa shida na kuharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupinda shingo hata kichwa kikaelekea mgongoni. Dawa ya kuwaponya hakuna. Kundi lisilo na kinga laweza kumalizika karibu lote kwa siku chache, na mfugaji mpya, ambaye hajapata kuona msiba wa namna hiyo, hudhani amerogwa au amehusudiwa, ilhali adui aliingia mchana kweupe kwa mguu wa mgeni aliyetoka sokoni.

Kinga, hata hivyo, ipo, nayo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Chanjo iitwayo I-2, ambayo asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, na ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na kwa hiyo yaweza kumfikia hata mtu asiye na jokofu, madhali ameifunga katika kitambaa kibichi na kuihifadhi mahali pa baridi pasipopigwa na jua. Hutolewa kwa tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawasawa. Mshike kuku kwa utulivu kifuani pako, mlaze kichwa ubavu ili jicho moja litazame juu, isimamishe chupa wima bila kuligusa jicho, lidondoshe tone, kisha usimwachilie mpaka apepese na tone lizame. Kwani kuku aliyeachwa kwa haraka hutikisa kichwa, na tone likaanguka chini, nawe ukaandika kwamba amechanjwa. Kinga huhitaji siku kadhaa kujengeka, nayo hufifia, kwa hiyo yapasa irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyekwisha kuugua haimfai kitu.

Sasa tazameni lilipo fumbo. Chupa moja ya chanjo yatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikisha kuchanganywa haiwekwi akiba kwa mwezi ujao. Mwenye mitetea watano ataiona ni ghali, aiache; jirani yake mwenye wanane atafanya vivyo hivyo; na hivyo mtaa mzima ukakaa bila kinga kwa sababu kila mmoja alifanya hesabu yake peke yake. Lau wangenunua pamoja, gharama ya kila kuku ingekuwa ndogo mno. Ndiyo maana huona uchungu kila nisikiapo mtu akisifiwa kwamba anafuga kwa siri, hamwombi mtu wala hamwambii mtu, kana kwamba ukimya ni sehemu ya maarifa ya kazi hii.

Nikirudi ndani ya ua, namshauri mwenye kuanza achukue mitetea wanne au watano na jogoo mmoja, si zaidi, na kama inawezekana awatoe kwa mtu anayemfahamu kuliko sokoni, mahali ambapo kuku wa vijiji kumi hupumuliana katika tenga moja. Kila mgeni na akae mbali na wenzake kwa muda wa wiki mbili kwa uchache. Kuhusu mbegu, kishingo hustahimili joto letu vizuri kwa sababu ya shingo yake isiyo na manyoya. Kuchi ni mrefu, mzito, na wapenzi wa majogoo humsifu, lakini atafutaye mayai asimtegemee.

Banda liwe kavu, lipitishe upepo, na lisijazwe kupita kuku wanne kwa kila mita moja ya mraba. Mbao za kulalia ziinuliwe kutoka ardhini. Usiku, kwa taa, mfugaji apitishe kidole katika nyufa za mbao hizo: akiona vumbi jekundu linalotembea, basi ni utitiri walioshiba damu, na majivu peke yake hayatoshi, sharti mbao zitolewe, zisuguliwe na kuchomwa na jua. Kicheche, nguchiro, paka shume na kenge hawahitaji mlango wazi, kwani tundu dogo tu lawatosha, na mfungaji wa banda hana ruhusa ya kukawia hata jioni moja.

Juu ya chakula sitakaa sana. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, mboga za majani na maganda ya chaza yaliyopondwa kwa ajili ya ganda la yai ndiyo msingi, na maji safi yasikosekane kivulini. Hadhari yangu ni moja: chicha la nazi na mahindi yaliyoshika ukungu vina sumukuvu, na mabaki ya chakula chenye chumvi nyingi huua kuku polepole mwenyewe asijue.

Mtetea akianza kuatamia, mpe mayai anayoweza kuyafunika barabara, kumi au kumi na mawili, na siku ya 21 utasikia sauti ndani ya maganda kabla hujaona kitu. Hapo ndipo kunguru hupata habari. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa asili yetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka, wakaenea pwani nzima, na leo watoto wa kuku ni riziki yao ya asubuhi. Mama na vifaranga wake wafungwe chini ya tenga kubwa au ndani ya wavu kwa wiki nne za mwanzo, hata kama mama atalalamika, nao vifaranga wapate tone lao la chanjo pamoja na wengine.

Kwa hayo naleta pendekezo mbele ya mkutano huu. Kila mtaa wenye wafugaji uafikiane siku tatu za chanjo katika mwaka, mathalan Januari, Mei na Septemba, na ile ya Septemba isikose, kwa kuwa hutangulia vuli. Kazi ifanywe alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, kwani mchana ni muhali kuwakamata. Anayeanza kufuga apite nyumba kwa nyumba kabla hajanunua kuku wa kwanza, aulize nani amechanja na lini, wala asione haya. Na gharama igawanywe kwa idadi ya kuku, isigawanywe kwa idadi ya nyumba, ili mjane mwenye mitetea wawili asitozwe sawa na mwenye hamsini.