"Mwenye Alileta Baiskeli": Sarufi Mbili za Kiswahili Nyarugusu

Ndugu makarani, walimu na wakalimani,

Kiswahili cha Kongo kilipitia hapahapa Kigoma. Karne ya 19 misafara ya biashara ya kina Tippu Tip ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kukifikisha Maniema. Mwaka 1996 kikarudi vinywani mwa wakimbizi wa Kivu Kusini, wengi wao Wabembe, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu.

Mara nyingi hakuna shida. Mama wa Fizi akisema "mutoto yangu iko ku masomo", Muha wa hapa Kigoma anajua mtoto yuko shuleni. Walimu tunashtushwa na "mutoto yangu", ilhali sisi wenyewe husema "ndugu yangu" na "rafiki yangu" bila kuona kosa. "Bitu" badala ya "vitu" sikio huzoea upesi. Hata "anakujaga" tunayo, nenda Kanda ya Ziwa usikie.

Shida iko kwenye maneno tunayodhani tunayajua. Mkongomani akisema "natumika ku hopitali", anafanya kazi hospitali. Hilo ulizo moja tu linalimaliza. Gumu ni "mwenye". Kwetu sisi mwenye mali ni mmiliki wake. Kwao neno hilo linabeba pia kazi ya kirejeshi: "mutu mwenye alikuja" ni mtu aliyekuja, basi. Tuseme mama anatoa maelezo: "Ule mwenye alileta baiskeli alikimbia." Anamsema aliyeileta, pengine mwizi. Karani anaandika: "Mmiliki alileta baiskeli akakimbia." Mwizi kapewa baiskeli kwa kalamu ya serikali.

Wakimbizi wanajua kujirekebisha. Mbele ya meza mama husema "vitu", akimgeukia mwanawe anarudi kwenye "bitu". Lakini angalia anachokirekebisha: ni sauti. "Mutu" inakuwa "mtu", ila "mwenye" inabaki palepale, maana ni neno la Kiswahili safi na hakuna aliyewahi kumcheka kwalo. Kwa hiyo kadiri anavyojitahidi ndivyo tunavyozidi kupotea. Akisema "mutu mwenye", karani anatega sikio, anajua hiki ni Kiswahili cha ng'ambo. Akisema "mtu mwenye alileta", matamshi ni ya Dodoma, sarufi ya Uvira, na karani hana habari.

Mimi naona mzigo huu wa kuelewana umeegemea upande mmoja mno. Mgeni, tena mwenye hofu, ndiye anayebadili lugha, na sisi tunaolipwa kusikiliza tunangoja tuletewe sanifu, lugha iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Bibi yake mama huyu hakualikwa mkutanoni.

Ombi langu ni dogo. Ukisikia "mwenye" mbele ya kitenzi, weka kalamu chini, uulize: "Mama, ni mali yake, au aliileta tu?" Jibu lake ndilo uandike.