Heri Kwanza, Kisha Faida



Nimeombwa niseme juu ya ujasiriamali na maendeleo. Nitaanzia kwenye daftari la hesabu. Wafanyabiashara wa Kigujarati huzindua daftari jipya wakati wa Diwali kwa kuandika maneno mawili: Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri hutangulia.

Wilaya ya Hanang imekwisha kuonja faida iliyotangulia heri. Kuanzia miaka ya 1970, NAFCO, shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano karibu na Basotu katika mashamba makubwa saba, kila moja la ekari zipatazo 10,000. Mkate ulipatikana mijini, hilo halikanushiki. Lakini malisho bora ya Wabarabaigi yalipotea, makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta, nao wakaenda mahakamani. Mtaji ulikuwapo, mitambo ilikuwapo, na wataalamu pia. Jirani hakuulizwa.

Tuje Mbulu. Kitunguu saumu cha huko ni kazi ya wakulima wadogo: kipande cha shamba, jembe la mkono, samadi ya zizini. Mimi nauhesabu huo kuwa ujasiriamali kamili, ingawa mwenyewe hana ofisi wala kibao mlangoni. Taabu huanza mavunoni. Ada ya shule inadaiwa, deni la pembejeo limeiva, na mama wa watu huuza mazao yangali udongoni, kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Gunia likifungwa lumbesa, ile nundu inayochomoza juu ya mdomo wa gunia ni jasho lililoondoka bila malipo. Zao likifika Kariakoo hulikuta saumu la China, lenye punje kubwa na rahisi kumenya, na bei hushuka tena.

Hapo ndipo penye nafasi ya mfanyabiashara mwenye heri. Saumu lililokaushwa vizuri na kuwekwa penye hewa hudumu miezi kadhaa. Tangu sheria ya mwaka 2005 nchi yetu ina utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima huhifadhi zao, hupewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo aweza kukopa huku akingojea bei. Vijana wa Mbulu na Haydom wanaweza kuchambua, kukausha, kusaga na kufungasha huko huko, kwa mafunzo ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ujira huo leo unalipwa mbali na shamba.

Basi, wenye maduka na malori mlioketi hapa, nawaomba mambo mawili. Nunueni kwa mizani, mbele ya macho ya muuzaji. Na anayetoa fedha kabla ya mavuno aitoe kama mkopo ulioandikwa daftarini, mkulima naye abaki na nakala yake.